Home Office wamekukatalia hifadhi: jinsi ya kukata rufaa ukiwa Uingereza

Barua ya kukataliwa ikija kutoka Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), kabla hujasoma sababu zao angalia tarehe. Ukiwa ndani ya Uingereza una siku 14 tu za kukata rufaa na zinahesabiwa tangu siku waliyotuma uamuzi, sio siku uliyofungua bahasha, na Jumamosi na Jumapili zimo humo humo. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza kesi nzuri kabisa, barua imekaa siku nne kwenye mapokezi ya hoteli, alafu mtu anakaa wiki nzima amejifungia analia (na ni haki yake kulia, sio jambo dogo), alafu anaanza kutafuta wakili, mawakili wanamwambia wamejaa, siku zimeisha. Kwaiyo bahasha usitupe, piga picha muhuri wa posta, andika siku barua ilipokufikia na nani alikukabidhi. Kama umeshachelewa bado usikate tamaa, jaza rufaa hivyo hivyo leo leo na kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza kwa nini umechelewa na kuomba jaji aongeze muda, weka sababu ya kweli na kithibitisho chake, labda barua ya hospitali, labda imeili ulizowaandikia mawakili wakakujibu hawana nafasi. Kila siku unayozidi kuchelewa sababu yako inakua dhaifu.

Cha pili angalia kama barua inasema una haki ya kukata rufaa. Wengi wanayo. Ila ukiona wameandika kwamba dai lako "limethibitishwa" (kwa Kiingereza "certified") chini ya kifungu cha 94, yani wanasema halina msingi wowote, hapo huna rufaa ya kawaida, njia inayobaki ni kumuomba jaji apitie uhalali wa uamuzi wenyewe, na hiyo usijaribu peke yako, tafuta wakili siku hiyo hiyo. Wakenya wanaume mlisome hili mara mbili, maana Kenya kwa upande wa wanaume iko kwenye orodha ya nchi ambazo sheria inawataka Home Office watumie kifungu hicho isipokuwa wao wenyewe waridhike kwamba kesi ina msingi. Haimaanishi kila mwanaume wa Kenya anapigwa na hicho kifungu, inamaanisha maelezo yako na ushahidi wako viwe vimekaa sawa tangu mwanzo.

Sasa wakili. Kama huna pesa kuna mawakili wanaolipwa na serikali, na kama unaishi kwa msaada wa kifungu cha 95 (makazi na posho wanazopewa wanaosubiri hifadhi) upande wa kipato kwa kawaida hausumbui, kinachoangaliwa sana ni kama rufaa ina nafasi ya kushinda. Mara nyingi wakili yule yule aliyekusimamia kwenye intavyuu atakwambia hawezi kuendelea kwa sababu anaona nafasi ni chini ya nusu. Huo sio mwisho. Kwa England na Wales anatakiwa akupe fomu inaitwa CW4, ambayo kwayo unaomba shirika la serikali linalolipa mawakili lipitie upya huo uamuzi wake. Wengine hawakupi mpaka udai, kwaiyo idai kwa jina, CW4, na udai kwa maandishi. Scotland wana utaratibu wao tofauti. Na hata ukikosa wakili rufaa usiiache, ipeleke mwenyewe ndani ya siku 14 alafu endelea kutafuta wakili baadae, rufaa ikishaingia una muda wa kupumua.

Na jamani, kuna watu kwenye jamii zetu wanajiita washauri wa makaratasi, mara kaka fulani ana uzoefu, mara mama fulani anaandika stetimenti nzuri, unatoa pauni mia mbili unapewa hadithi ile ile waliyopewa wengine kumi. Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai tangu sheria ya 1999. Lakini atakayeumia zaidi ni wewe, maana Home Office wanaona hadithi zinazofanana neno kwa neno na jaji akishaona hivyo hata ile sehemu ya kweli ya maisha yako inazama nayo. Mtu akusaidie kutafsiri barua, akusindikize, akupikie, hayo ni mema. Kisa chako usimwachie mtu akuandikie.

Rufaa yenyewe unapeleka mahakama ya kwanza ya uhamiaji na hifadhi, wao wanaiita First-tier Tribunal. Unaweza kujaza mtandaoni kwenye GOV.UK au kwa fomu ya karatasi ya IAFT-5. Ada ni pauni 80 ukitaka jaji asome makaratasi tu, pauni 140 ukitaka usikilizwe ana kwa ana, ila ukiwa na wakili wa serikali au unaishi kwa msaada wa kifungu cha 95 hulipi kitu, unaandika tu namba yako ya huo msaada. Chagua kusikilizwa. Nasema hivi bila kusita, kesi ya hifadhi karibu yote inasimama kwenye swali moja, anaaminika au haaminiki, na mtu haaminiki vizuri kwa karatasi, jaji akuone, akusikie, akuulize. Kwenye fomu hiyo hiyo omba mkalimani na utaje Kiswahili cha wapi. Wakati rufaa inasubiri hawaruhusiwi kukurudisha na msaada wa makazi na posho unaendelea, na kama wamekuandikia kwamba wanakukatia wapelekee uthibitisho kwamba rufaa imepokelewa.

Haya, kazi yenyewe sasa. Chukua barua ya kukataliwa, ile ndefu yenye aya zenye namba. Wengi wanaisoma kama matusi, wanaikunja, wanaiweka chini ya godoro. Wewe iprinti, tafuta kalamu mbili, moja ya yale waliyokubali na nyingine ya yale waliyokataa. Utashangaa, mara nyingi wamekubali mengi, wamekubali uraia wako, wamekubali kabila lako, labda hata wamekubali ulikamatwa, wanachokataa ni kwamba ukirudi utadhurika. Walichokubali usipoteze muda nacho. Kwa kila aya waliyokataa andika jibu lako kwa lugha yako, moja moja kwa namba, aya ya 23 wanasema hivi, ukweli ni huu, ushahidi ni huu. Hayo ndio yanakuwa stetimenti yako mpya ya rufaa, na wakili kama yupo ndio atayatumia kuandika hoja zake. Aya usiyoijibu jaji anaweza kuichukua kwamba huna jibu.

Alafu weka ile barua pembeni ya nakala ya intavyuu yako na uzipitie mstari kwa mstari na mtu anayejua Kiingereza vizuri na Kiswahili chenu vizuri. Intavyuu zinarekodiwa, omba na sauti yenyewe sio maandishi peke yake, maana kwetu sisi makosa mengi yamelala kwenye ukalimani. Tuseme ulisema walikuja nyumbani saa mbili usiku. Mkalimani mchovu anasema walikuja saa mbili kwa saa za Kiingereza, yani usiku wa manane. Kwenye intavyuu ya pili ukasema watoto walikuwa hawajala chakula cha usiku, basi Home Office wanaandika "umetoa maelezo yanayopingana kuhusu muda wa shambulio". Hapo hujasema uongo hata kidogo, ila kama hakuna mtu aliyeelezea jaji kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi, aya hiyo itabaki imesimama dhidi yako. Vilevile ndugu. Ulisema ndugu yangu aliuawa, ikatafsiriwa kaka wa tumbo moja, alafu kwenye orodha ya familia huyo kaka hayupo kwa sababu alikuwa mtoto wa baba mdogo. Au baba mkubwa akageuka baba mzazi, ukawa na baba wawili mmoja amekufa 2012 mwingine 2019. Chukua kila sehemu ya namna hii, taja swali namba ngapi, dakika ya ngapi ya rekodi, ulisema nini kwa Kiswahili na mkalimani alisema nini. Ukiandika tu "mkalimani alikuwa mbaya" jaji ameshasikia hiyo mara elfu na haimsaidii.

Watu wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi, kama mlipewa mkalimani wa Mombasa au Dar na mkawa mnasikilizana nusu nusu, liandikeni hilo mapema. Mwisho wa intavyuu huwa wanauliza umemwelewa mkalimani, na mtu kwa heshima anajibu ndio, sasa hiyo ndio inarudi kukuumiza. Eleza kwa nini ulijibu ndio.

Wabajuni, watu wa pwani na visiwa vya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya, nao wana la kwao. Kwa miaka mingi kuna watu wa sehemu nyingine za pwani waliojilipua, yani walioomba hifadhi kwa kisa cha uongo, kwa kusema ni Wabajuni wa Somalia, na matokeo yake Mbajuni wa kweli wa Chula au Koyama au Kismayu anapimwa kwa jicho kali kuliko mtu yeyote, anaulizwa visiwa, samaki, koo, anarekodiwa anavyoongea na kampuni inatoa ripoti kwamba lafudhi yake ni ya Kenya. Ripoti ya lugha sio msahafu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza (Supreme Court) iliamua kesi mbili za Wasomali na ikasema wazi kwamba ripoti kama hizo lazima zionyeshe utaalamu na msingi wake, na mchambuzi wa lugha sio kazi yake kutoa maoni kama mtu anasema ukweli, jaji ndiye anapima uzito. Kwaiyo jibu lako liwe na historia ya lugha yako, ulizaliwa wapi, mama aliongea nini nyumbani, ulikaa kambi gani ya Kenya na kwa muda gani, uliolewa na mtu wa wapi. Mtoto aliyetoka Kismayu na umri wa miaka sita akakulia Mombasa ataongea kama watu wa Mombasa na hamna cha ajabu hapo, ila lazima useme. Mzee anayekujua wewe na ukoo wako na ana makaratasi yake hapa, akiandika stetimenti na akaja mwenyewe mahakamani, ana uzito mkubwa.

Kuna na ile aya ya "umepita nchi salama". Sheria ya 2004, kifungu cha 8, inataka waangalie kama ulipita Ufaransa au Italia bila kuomba hifadhi, au ulichelewa kuomba, au ulitumia pasipoti ya uongo, na wanaihesabu dhidi ya uaminifu wako. Usijitetee kwa hasira, eleza tu ilivyokuwa, ulikuwa mikononi mwa nani, nani alishika pasipoti, ulikuwa na nani hapa wa kukupokea. Hicho kifungu peke yake hakitoshi kuangusha kesi ambayo mengine yote yamekaa vizuri.

Alafu hoja ya kuhamia mji mwingine. Wakongo wengi wanaambiwa sawa, mashariki kuna hatari, ila unaweza kwenda kuishi Kinshasa. Hapa unatakiwa ujibu maswali mawili, je huko utakuwa salama, na hata kama ni salama je ni haki kukutarajia uishi huko. Hujui Kilingala, huna ndugu, una jina na sura ambayo watu watakuuliza wewe ni wa wapi, una watoto, unaumwa, yote hayo yaandikwe. Na angalia tarehe ya taarifa za nchi walizotumia. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, sasa kama barua yako imesimama kwenye taarifa za kabla ya hapo hiyo ni hoja kubwa kwako. Kuna hukumu za mwongozo ambazo majaji wanazifuata kwa nchi mbalimbali, kwa Kongo kuna ya 2023 kuhusu hali baada ya uchaguzi wa 2018, na jaji anaweza kuiacha kama una ushahidi mzito kwamba mambo yamebadilika. Waganda wanaokimbia kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, sheria ya 2023 ya kwao iwekwe kwenye faili pamoja na hukumu ya 2010 ya Mahakama ya Juu ya hapa, kesi ya HJ wa Iran na HT wa Cameroon, iliyosema mtu hawezi kukataliwa kwa hoja kwamba atakuwa salama akijificha, kama kinachomfanya ajifiche ni hofu ya kuteswa.

Kiwango cha kuthibitisha nacho kijue. Kama uliomba hifadhi kuanzia tarehe 28 Juni 2022, sheria mpya inataka uthibitishe kwa zaidi ya nusu kwamba wewe ni mtu wa kundi unalosema (kabila, dini, siasa na kadhalika) na kwamba kweli unaogopa, kisha hatari ya mbele inapimwa kwa kiwango cha chini zaidi. Waliotangulia kabla ya hapo wanapimwa kwa kile cha chini tu. Mawakili wengine wanawaambia wateja "usijali kiwango ni cha chini" bila kutenganisha, muulize wako.

Kwenye ushahidi, mhuri peke yake hautoshi kufanya karatasi kutoka nyumbani iaminike. Hukumu ya 2002 ya Tanveer Ahmed inasema ni juu yako kuonyesha kwamba karatasi inategemeka, na jaji anaipima pamoja na mengine yote. Kwaiyo shangazi akikutumia hati ya kukamatwa toka Bukavu, mwambie asitume picha ya WhatsApp peke yake, atume na orijino kwa kampuni ya vifurushi, abaki na risiti, aandike barua fupi ya mkono kwamba ameipata wapi, lini na kwa nani, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Wewe huku tunza bahasha ilivyo na stika zake. Bahasha yenye jina la mtumaji na tarehe inaweza kusaidia kuliko karatasi iliyokuwa ndani. Kitu chochote cha Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe na mtafsiri aandike jina lake na kwamba tafsiri ni sahihi. Ila asitume kitu kitakachomtia yeye hatarini, hakuna karatasi inayostahili hiyo.

Kama uliteswa una makovu, au usingizi umekukimbia, sema mapema kwa daktari wako wa kawaida ili iingie kwenye faili, na wakili aombe ripoti kwa wataalamu, Freedom from Torture na Helen Bamber Foundation ndio wanaojulikana kwa hilo, foleni zao ni ndefu. Dada zangu mliobakwa, najua kwetu jambo hili halisemwi, na wengi hawakulisema kwenye intavyuu kwa sababu mkalimani alikuwa mwanaume wa kwao. Mnaweza kulisema sasa na kueleza kwa nini hamkulisema, na mna haki ya kuomba jaji mwanamke, mkalimani mwanamke, na chumba kifungwe watu wa nje wasisikilize. Ombi hilo liende kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, maana wanajitahidi kutimiza ila sio lazima iwezekane dakika ya mwisho.

Siku ya kusikilizwa, iwe Taylor House London, Manchester, Birmingham, Bradford au Glasgow, fika mapema, beba stetimenti yako na uwe umesomewa yote kwa Kiswahili siku chache kabla. Ndani ni chumba cha kawaida tu chenye meza, jaji mbele, wakili wako, afisa wa Home Office, mkalimani pembeni yako. Wanaanza kwa kupima kama wewe na mkalimani mnaelewana, hapo ndipo pa kusema kama hamuelewani, sema bila aibu. Kisha unathibitisha stetimenti ni yako, afisa anakuuliza maswali, wakili wako anaweza kurudi kufafanua, kisha wao wawili wanabishana kisheria na wewe kazi yako imeisha. Jibu ulichoulizwa tu, sentensi fupi, subiri mkalimani amalize. Hujui, sema sijui. Hukumbuki tarehe, sema ilikuwa kipindi cha mvua au kabla ya Idi, usibuni tarehe ili upendeze. Ukihitaji kulia au maji au mapumziko, omba, jaji atakupa.

Uamuzi kwa kawaida hautolewi siku hiyo, unakuja kwa maandishi baadae. Ukishinda usianze kupanga nyumba kesho yake, Home Office nao wana siku 14 za kuomba kukata rufaa. Ukishindwa na wewe una siku 14 kuomba ruhusa ya kwenda mahakama ya juu yake, Upper Tribunal, unaomba kwanza mahakama ile ile iliyokukataa, wakisema hapana unaomba Upper Tribunal moja kwa moja ndani ya siku 14 nyingine. Huku ni tofauti kabisa, hawasikilizi kisa chako upya, wanatafuta kosa la kisheria la jaji. Kusema jaji hakuniamini na mimi nasema ukweli haitoshi. Kusema jaji hakugusa kabisa ripoti ya daktari iliyokuwa ukurasa fulani wa faili, au alitumia kiwango kisicho sahihi, au alikukataza kumwita shahidi bila sababu, hiyo ndio hoja. Upper Tribunal wakikataa kukupa ruhusa, tangu sheria ya 2022 mlango wa kupinga huo ukatazaji kwa njia nyingine umefungwa karibu wote. Wakikupa ruhusa, wakakusikiliza alafu ukashindwa, kuna Mahakama ya Rufaa, kwa Scotland Court of Session, ila huko wanachukua kesi chache zenye jambo zito la kisheria.

Na ndio maana nasisitiza ile mara ya kwanza. Kuna kanuni inaitwa Devaseelan, ya 2002, kwamba jaji yeyote atakayekuja baadae anaanzia pale jaji wa kwanza alipoishia. Akiandika kwamba wewe sio Mbajuni, utatembea na hilo miaka.

Zikiisha njia zote na hali nyumbani ikabadilika, au umepata ushahidi ambao hukuwa nao, unaweza kupeleka maelezo mapya chini ya aya ya 353 ya kanuni za uhamiaji. Yanatakiwa yawe tofauti kweli na yale ya zamani na yawe na nafasi ya kushinda mbele ya jaji mpya, karatasi zile zile ukizirudisha wanazikataa haraka. Wakikubali kwamba ni dai jipya alafu wakakataa tena, unapata haki mpya ya rufaa. Pia kumbuka msaada wa kifungu cha 95 unakatika siku 21 baada ya rufaa kuisha kama huna watoto, kwaiyo ongea mapema na shirika la Migrant Help kuhusu msaada wa kifungu cha 4, ule wa waliokwisha kukataliwa. Serikali ilitangaza 2025 kwamba inataka kuunda chombo kipya cha kusikiliza rufaa hizi, kwaiyo kabla hujajaza chochote fungua GOV.UK uangalie fomu na ada za siku hiyo, na mwongozo wa shirika la Right to Remain nao uwe wazi pembeni.